Gauni la Kupandia Mizani

Tarehe 4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Natumaini karatasi hii itakukuta umekaa, na kama umelala basi uwe umelala usingizi wa kawaida wa watu. Sisi huku tupo. Baba yako anakusalimu. Wiki hii mabomba ya watu yamepasuka mengi na mgongo wake umeanza tena, hasemi, lakini mimi naujua kwa namna anavyovua viatu. Bibi anakusalimu sana. Bado yuko kitandani, ule mguu haujakaa, na kila asubuhi ananiuliza umeamka? Namwambia umekwenda kusoma. Nisamehe, nimeona uongo huo ni mwepesi kumbebesha. Kaka yako Mrefu anakusalimu, amejigonga tena kichwa kwenye mlango wa bafu, tungekuwa tunapaka rangi pale kila mwezi kwa ajili yake. Mama Mdogo anakusalimu, anauliza ile redio yake unaitunza au ndiyo imeshaenda. Fundi viatu wa hapo nje anasema soli zako ziko tayari tangu mwezi uliopita na hatafuti mtu mwingine wa kuzivaa. Salamu zimeisha, sasa mimi.

Tuliachana vibaya pale mlangoni. Yule muuguzi alipokunyang'anya simu ukanigeukia kama mimi ndiye niliyemtuma. Daktari wako mwenye miwani aliniambia simu haziruhusiwi kwa sababu wagonjwa wa anoreksia, huu wako wa kujinyima chakula, wakizishika kutwa wanatazama miili ya watu, na hayo yanawaharibia utafiti. Nikasema sawa. Mimi kila kitu nilisema sawa. Zile karatasi za kukubali zilikuwa kurasa kumi na moja, nilizosoma ni mbili, nikasaini zote. Nilimwuliza, mnamtibu au mnamsoma? Akasema vyote viwili, mama. Sijui kama nguo inashoneka huku mtu ameivaa, lakini yeye kasoma na mimi niliishia darasa la tano.

Ningekuja kukuona kila Jumapili kama ingekuwa karibu. Siku mbili za njia kwenda, mbili kurudi, na Bibi nani atamgeuza? Basi tuandikiane. Niambie unachokula. Si lazima kingi, niambie tu.

Mama yako


Tarehe 12 Februari

Mama, shikamoo.

Barua imefika. Wanazifungua mlangoni, wanazikung'uta kuona kama kuna vidonge, halafu wanatupatia. Hawasomi. Nguo nazo wanazikung'uta hivyo hivyo.

Uliuliza ninachokula. Ninakula ninachowekewa, nusu saa, muuguzi amekaa mbele yangu anaangalia koo langu kama linapandisha na kushusha. Baadaye tunakaa saa nzima kwenye viti, hakuna kwenda chooni, tunatazamana kama watu waliokosa gari. Ndiyo chakula chenyewe hicho.

Asubuhi kabla ya chai tunapanda mizani. Kila mmoja ana vazi lake moja la kupandia. La kwangu ni lile gauni la buluu ulilonishonea. Siku ya kwanza walilipima peke yake, na kila siku wanatoa uzito wake kwenye hesabu, kwa hiyo hawataki nibadilishe. Halafu wananifunga nyaya za moyo, wanatoa damu, wananipiga picha za mifupa. Daktari anasema mifupa yangu ni ya bibi kizee. Nikamwambia amsalimie Bibi.

Mchana ni mambo ya akili. Juzi alinipa kamba ndefu, akasema tengeneza mezani duara ambalo unadhani linakuenea kiunoni. Nikatengeneza. Akachukua kamba nyingine akanipima kweli, akailaza ndani ya duara langu. Langu lingetosha watu wawili na nafasi ya kupitisha mkono. Akaandika. Nikamwuliza, nimefeli? Akasema huu si mtihani. Mama, hapa hakuna kitu ambacho ni mtihani na hakuna kitu ambacho hakiandikwi.

Nina ombi. Juu ya mizani kuna dirisha, upepo unaingia, gauni linapanda, na wanaopima wengine ni wanaume wanafunzi. Naona aibu. Nishonee jingine, kitambaa kile kile, mshono ule ule, wasije wakasema nimebadilisha. Ila pindo ulitie vile vyuma bapa ulivyotia kwenye mapazia ya ukumbi, litulie. Uviwekee vijifuko vyenye vishikizo, niwe naviondoa nikifua.

Msalimie kila mtu, hata mlango wa bafu.

Chiriku


Tarehe 19 Februari

Mwanangu Chiriku,

Wote wazima isipokuwa ule mgongo. Barua yako nimeisoma mwenyewe mara mbili, mara ya tatu nimemsomea baba yako, nikaruka pale pa wanafunzi wanaume, maana angefunga safari na spana zake.

Ile kamba nimeijaribu. Miaka ishirini na sita napima viuno vya watu, nikasema mimi sikosei. Nimeweka duara langu mezani, nikamwita Mama Mdogo anipime kweli. Duara langu lilikuwa dogo, Chiriku. Dogo sana. Nilijipa kiuno cha siku niliyoolewa. Mama Mdogo akacheka mpaka akashika mlango, akasema, "Dada, humo ndani ungeingia mguu mmoja." Kwa hiyo na mimi nimefeli, ila upande wa pili. Mwambie daktari wako aandike.

Gauni hilo hapo. Kitambaa kilibaki na nilikuwa nimekificha chini ya sanduku, sijui kwa nini, buluu ile mkono wangu haukubali kuitoa. Nimelishona kwa siku moja, nikamwacha bibi harusi mmoja na nusu ya mkono wake. Vyuma nimevisugua kimoja kimoja visije vikatoboa, kila kimoja kina kijifuko chake na kishikizo chake, ndani nimetia flana visilie vikigongana. Hilo la kuviondoa wakati wa kufua nisingeliwaza, una akili wewe. Nilipolining'iniza lilisimama wima, upepo wa feni ukapita halikutikisika.

Kiuno nimekata kwa macho. Nitumie vipimo vyako, mama, hata kama ni vidogo. Mimi sitasema kitu.

Mama yako


Tarehe 28 Februari

Mama yangu kipenzi, mama yangu wa pekee,

Shikamoo mara mia. Gauni limefika na ni zuri kuliko la kwanza. Nimelishika nikanusa mafuta ya cherehani, nikalia kidogo, si kwa ubaya. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna mtu duniani anaweza kunisikiliza nikisema nahitaji kitu, akafanya bila kuuliza maswali arobaini na kuandika majibu.

Na habari nzuri ninayo. Uzito unapanda. Kila siku kidogo, kama walivyotaka wenyewe. Daktari leo ameniwekea mkono begani. Wenzangu wananiita mwanafunzi bora. Nikiendelea hivi wananitoa mwisho wa mwezi wa nne, nakuja nyumbani, namgeuza Bibi mwenyewe, wewe unalala.

Nimewaza ulivyokuwa unanisuka kwenye ngazi, unanibana kichwa na magoti ili nisikimbie. Nimetamani.

Nishonee na shimizi la kuvaa chini ya gauni, lenye vijifuko vile vile, pande zote mbili. Upepo umezidi. Usimwambie daktari, hawapendi vitu vya nyumbani, watasema napendelewa.

Mwanao anayekupenda,
Chiriku


Tarehe 6 Machi

Kwa Daktari mwenye miwani,

Heshima yako. Nimepokea karatasi yenu ya maswali kwa mzazi. Visanduku vyenu ni vidogo, majibu yangu hayaingii, nimeandika huku.

Mmeuliza kama nyumbani kuna mtu anayezungumzia miili na uzito wa watu. Mimi ni fundi wa nguo za kike. Kazi yangu yote ni kuzungumzia viuno. Mtu akiingia naona mabega yake kabla sijaona uso.

Mmeuliza mtoto alikuwa wa tabia gani. Alikuwa hakosei. Daftari likichafuka ukurasa mmoja anaandika lote upya. Nilimsifu kwa watu.

Mmeuliza niligundua lini. Nimeandika mwaka jana, lakini nimekata, naandika ukweli. Nina daftari la vipimo. Sketi yake ya shule niliipunguza kiuno mara tatu kabla ya mwaka jana. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kupima, nikapima tena. Mara ya pili nikasema anarefuka. Mara ya tatu sikusema kitu, nikapunguza tu, redio inaimba.

Swali la saba, kama niliwahi kumwambia neno kuhusu umbo lake, nimeliacha. Kalamu ilikuwa inaisha wino.

Nimefurahi kusikia anapanda uzito. Nina ombi moja la mzazi. Hilo dirisha lililo juu ya mizani naomba lifungwe asubuhi. Mtoto asiye na nyama mwilini upepo kwake ni kisu, na anaona aibu.

Wako,
Mama wa yule wa gauni la buluu


Tarehe 11 Machi

Mama mpendwa,

Nakushukuru kwa majibu yako. Ni ya ukweli kuliko ya wazazi wengi, na yatatusaidia.

Kweli uzito wa binti yako umepanda kwa wiki mbili mfululizo. Sitakuficha kwamba kuna jambo linatutatiza. Mtu akirudisha uzito, moyo huongeza kasi, mwili hupata joto, damu hubadilika. Kwake hivyo vyote vimebaki pale pale, na moyo wake unapiga polepole kuliko wa mtu aliyelala fofofo. Mizani inasema jambo moja na mwili unasema jingine. Tunaliandika kwa makini, kwani huenda ni jambo ambalo halijajulikana kuhusu ugonjwa huu.

Kuhusu ombi lako, labda kuna kutoelewana. Mizani yetu iko katika chumba cha ndani, katikati ya jengo. Chumba hicho hakina dirisha.

Ukiwa na lolote la kuongeza, namba ya simu ya ofisi iko juu ya karatasi hii.

Daktari mkuu wa utafiti


Tarehe 15 Machi

Mwanangu Chiriku,

Hatujambo. Baba yako hajambo, Bibi hajambo, Mrefu hajambo, wote hawajambo. Jua kali. Mteja wangu yule mwenye mashavu amekuja kuchukua nguo yake akasema inambana, nikamwambia imembana kwa furaha, akaridhika.

Shimizi bado. Cherehani imekatika mkanda na duka halina.

Nimekaa nikawaza kitu kidogo tu. Hilo dirisha la kwenye mizani linatazama upande gani? Jua la asubuhi linaingia? Nijibu hilo tu, mengine acha.

Barua yako ile ya "mama yangu kipenzi" ninayo kwenye mfuko wa aproni.

Mama yako


Tarehe 18 Machi

Mama,

Mikanda ya cherehani unayo mitatu kwenye droo ya chini, chini ya zipu. Mimi ndiye niliyekuwa nakubadilishia, usinidanganye.

Dirisha linatazama kule ulikokuwa unatazama wewe ulipokuwa unapunguza sketi zangu. Umeridhika?

Sasa nisikilize. Zimebaki wiki sita. Nikifika namba waliyoniwekea, natoka. Humu ndani sitapona, Mama. Humu nasomwa. Wamepima mpaka mate yangu. Nikiwa nyumbani nitakula mwenyewe, taratibu, kwa mkono wangu, hakuna mtu anayetazama koo langu. Naapa. Nahitaji tu kutoka, na ili nitoke nahitaji shimizi. Umeshashona la kwanza, la pili linakushinda nini?

Ukimwambia daktari, utakuwa umechagua. Sitapiga kelele. Sitakuandikia tena, basi, wala sitakuita tena kwa lile jina ulilolitia kwenye aproni. Na unajua mimi nikiacha kitu naacha.

Mwanao, ukitaka


Tarehe 22 Machi

Daktari,

Nimepiga ile namba mara mbili nikakata. Mtu akipokea sauti yangu inakwenda. Ndiyo maana naandika, nampa dereva wa basi aifikishe mwenyewe kwa mkono.

Lichukueni gauni la buluu. Si lile mlilolipima. Ni la pili, nililishona mimi, kwa cherehani yangu, pindo lote lina vyuma vya mapazia ndani ya vijifuko vyenye vishikizo. Aliniambia ni upepo. Anaviweka kidogo kidogo, kila siku kimoja au viwili, ndiyo maana mnaona anapanda vizuri hivyo. Mtoto wangu hajaongezeka chochote, daktari. Nyinyi mmekuwa mkipima mapazia.

Hakuna jambo geni la ugonjwa hapo. Ni mama yake.

Anataka na shimizi. Sijalipeleka.

Msimkaripie mbele ya wenzake. Na mnijibu, hivi ni mimi niliyempa ugonjwa huu?

Mama yake


Tarehe 27 Machi

Mama mpendwa,

Barua yako ilifika tarehe 23 jioni. Nasikitika kukuambia kwamba tarehe 20 asubuhi, kabla haijafika, binti yako alianguka bafuni na kupata degedege. Hivi sasa anajua alipo, anaongea, na moyo wake unaangaliwa saa zote. Hatari haijapita.

Ametueleza mwenyewe. Vijifuko vya gauni vilikuwa vimejaa na alikuwa akingoja kitu kutoka nyumbani. Kilipochelewa, alianza kunywa maji ya bombani kupita kiasi kabla ya kupimwa, ili mizani isishuke. Chumvi ya damu yake ikapotea. Kwa siku tatu tulimtibu bila kujua chanzo. Barua yako ndiyo iliyotuonyesha.

Uzito wake wa kweli ni mdogo kuliko siku uliyomleta. Amehamishiwa wodi nyingine na analishwa kwa mpira. Ametolewa katika utafiti, na vipimo vyake vya wiki zote hizo vimefutwa.

Umeuliza kama ni wewe. Nimechunguza familia nyingi. Ugonjwa huu una vyanzo vingi, vingine viko kwenye damu, vingine kwenye akili, vingine nje, na bado hatujui jinsi vinavyoshikana. Siwezi kukuambia ni wewe, wala hakuna kipimo cha kukuambia huna sehemu.

Nitaongeza jambo ambalo si la kitaalamu. Tuliona mwili na mizani havipatani, tukaviandika kwa furaha ya watu waliogundua kitu. Kila asubuhi gauni lile lilipita mbele yetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshika pindo.

Daktari mkuu wa utafiti


Tarehe 3 Aprili

Fundi,

Nimesema sitaandika. Hii ni ya kufunga hesabu.

Wamenipitishia mpira puani, umebandikwa shavuni kwa plasta. Kinaingia kitu cheupe usiku na mchana, siulizwi. Nilikuwa mtu namba kumi na saba kwenye utafiti, sasa hata namba sina. Mikono walinivalisha soksi kwa siku mbili nisiuchomoe.

Daktari ameniambia kuna swali moja uliliacha. La saba. Nimemwambia mimi nitakujibia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sanamu lako la kupimia nguo lilivunjika mguu, ukanipandisha juu ya stuli. Ukanivalisha magauni ya harusi ya watu. Wateja wakakaa wakatazama. Mmoja akasema, huyu ana umbo, na wewe ukiwa na pini mdomoni ukasema, "Kaa hivyo hivyo, usije ukaninenepea, wewe ndiyo sanamu langu." Wakacheka. Na mimi nilicheka. Miaka mitatu nilisimama pale kila Jumamosi. Kisha ukanunua sanamu jipya ukaniambia nishuke, na hakuna aliyeniambia kwamba sasa naweza kunenepa.

Nilikuomba kitu kimoja. Ulikuwa unanishonea kila kitu, hicho kimoja ukakipeleka kwa daktari.

Usiniandikie.


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Salamu za nyumbani leo sikuletei. Baba yako anasema ningenyamaza ukatoka, mengine tungeyajua hapa. Mama Mdogo anasema ningesema mapema. Bibi nimemwambia ukweli, amegeukia ukutani, na alivyo mzito sijui aligeukaje peke yake.

Swali la saba umelijibu sawasawa. Pini zilikuwa mdomoni kweli. Nilisema kwa mzaha, na nilisema kwa sababu ulikuwa mzuri na mimi niliringa, na wateja walikuwa wanaongezeka. Sikumbuki siku ile kama unavyoikumbuka. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba kwangu ilikuwa Jumamosi tu. Ningekuwa nimeandika kwenye lile daftari langu kila nililokuwa nalisema nikikupima, leo ningekuwa na la kuwaonyesha. Niliandika inchi peke yake.

Lakini kuna jambo ambalo hulijui, na daktari hajakwambia kwa sababu hakulihesabu. Mimi nimelihesabu. Ile barua ya kusema chumba hakina dirisha niliipata tarehe 13, saa nane mchana, nimekaa kwenye cherehani. Nilijua pale pale. Sikuhitaji kuwaza. Mtu anayeshona pindo anajua pindo linafanya kazi gani. Na daktari nilimwandikia tarehe 22. Siku tisa, Chiriku.

Usidhani nilikuwa nakuonea huruma. Nilikuwa najionea mimi. Miaka miwili ulikuwa unanijibu kwa mabega. Nikikuuliza umekula, bega. Nikikuuliza unaumwa, bega. Halafu ikaja barua ya "mama yangu wa pekee", nikaitia mfukoni, nikawa naigusa nikishona, na nilijua nikifungua mdomo ile ndiyo ya mwisho. Nilijua pia kwamba haikuwa yangu, ilikuwa ya vyuma. Nikaitunza hivyo hivyo. Na shimizi sikukushonea, nikajiona mjanja, kwamba simdanganyi daktari zaidi na simkosi mwanangu. Kumbe huku unakunywa maji kuziba pengo la shimizi langu. Ningelileta ungeendelea kufa polepole, ningemwambia daktari mapema ungepona. Nilichagua la katikati, na la katikati ndilo lililokuangusha bafuni.

Kwa hiyo kama unachukia, chukia sawasawa. Huyo mwanamke wa stuli na pini, una haki naye. Huyo wa siku tisa una haki naye zaidi, na mimi nakusaidia kumchukia. Lakini yule aliyemkabidhi dereva wa basi ile barua usimguse. Huyo simuombei msamaha. Ukishona shimizi lako mwenyewe kesho nitasema tena, na siku hiyo nitapiga simu na sauti itatoka.

Daktari ananiambia utakapotolewa mpira watataka mtu wa nyumbani akae nawe wakati wa kula. Nimesema nitakuja mimi, Mama Mdogo amekubali kumgeuza Bibi. Wewe ukisema hunitaki, atakuja Mrefu, atajigonga kwenye milango yao yote, lakini atakuja. Sharti ni uchague wewe, wameniambia, wewe ndiye unayesaini safari hii. Kwa hiyo nasubiri neno lako na sina haki ya kulisubiri.

Umeniambia nisiandike. Nitaandika kila wiki. Usizisome, lakini zitakuja.

Nimeuliza, wamesema soksi za mikononi wamekuvua. Basi nijibu upesi. Basi linatoka huko Alhamisi, dereva nimeshamwambia apite mlangoni aulize. Andika tusi, nitalipokea. Andika "Fundi" peke yake kwenye karatasi nyeupe, sitaomba zaidi ya hapo. Nataka tu kuona mwandiko, nijue mkono uliouandika bado una nguvu ya kushika kalamu. Upesi, mama.

Mama yako, hata ukikataa